Karakana Iliyotoweka Kilimani Makerere



Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto ulishika jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, katika nchi jirani ya Uganda. Jengo hilo lilimalizika kujengwa mwaka 1941. Lina kuta nyeupe na mnara wenye saa, tena limesimama juu ya kilima. Kulipokucha, paa lilikuwa limekwisha anguka, na vyumba vingi vya ndani vimekuwa majivu. Watu waliosoma pale, waganga na walimu, mahakimu na mawaziri, walihuzunika kama watu waliofiwa. Serikali ya Uganda ikaahidi kulijenga upya kwa sura yake ile ile, na ahadi ikatimizwa: mwezi wa Oktoba 2024 jengo likafunguliwa tena.

Habari za moto ule zilitufikia hata sisi wa Muheto, katika milima yetu ya Masisi. Tulisikitika pamoja na jirani zetu, na jengo lilipofunguliwa tukafurahi nao. Lakini habari hizo zilitukumbusha jengo jingine la kilima kile kile, ambalo watu hawalitaji. Kabla ya jengo jeupe, kabla ya mnara na saa yake, pale Makerere palikuwa na karakana, au atelye kama wengi wetu tunavyosema huku kwetu. Karakana hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Makerere yote. Kisha ikaondolewa kilimani, bila moto na bila kilio.

Tumeona vema leo tuwasimulie historia yake. Mtasema, Kampala ni mbali, yatuhusu nini? Wakati wa amani, mtu akitoka Goma akapita Rutshuru na Bunagana, akavuka mpaka na kufuata njia ya Kisoro, Kabale, Mbarara na Masaka, afika Kampala. Wafanyabiashara wetu wanaijua njia hiyo vizuri. Tena swali lililoiondoa karakana ya Makerere ni lile lile linaloulizwa nyumbani mwetu kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia: mtoto huyu tumpe kalamu, au tumpe randa?

VIJANA 14

Mwaka 1922 Uganda ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Reli itokayo Mombasa ilikuwa imefika Kisumu, kwenye ziwa Victoria, tangu mwaka 1901, lakini Kampala ilikuwa haijafika. Ilifika mwaka 1931. Wakulima wa Uganda walikuwa wamekwisha lima pamba kwa karibu miaka 20. Sasa pamba huhitaji kiwanda cha kuichambua, kiwanda huhitaji mitambo, na mitambo huhitaji fundi. Motokaa nazo zilikuwa zimeanza kuzoeleka njiani, na motokaa haiendi kwa maombi peke yake. Serikali ilitaka kujenga ofisi, hospitali, madaraja na nyumba za watumishi wake. Mafundi wengi wa siku zile walikuwa Wahindi, na ujira wao ulikuwa mkubwa. Basi serikali ikaona ni afadhali kuwafundisha wenyeji.

Hivyo mwezi wa Januari 1922 shule ya ufundi ilifunguliwa juu ya kilima cha Makerere. Wanafunzi walikuwa 14 tu. Wote walikuwa wavulana, na wote walikuwa wanafunzi wa kutwa: asubuhi walipanda kilima, jioni wakarudi makwao. Walifundishwa kazi tatu: useremala, ujenzi wa nyumba, na ufundi wa mitambo. Hapakuwa na masomo ya uganga wala ya sheria. Chuo ambacho baadaye kilitoa marais na maprofesa kilianza kwa harufu ya mbao na mlio wa nyundo.

Yeyote kati yenu aliyewahi kuingia katika karakana ya misioni anajua kazi hizo zilivyo. Seremala hujifunza kwanza kunoa. Kabla hajaruhusiwa kutengeneza kiti, hana budi kujua kuinoa patasi yake, kuziweka sawa meno za msumeno, na kusukuma randa bila kuuchana ubao. Mwashi hujifunza kuchanganya udongo, mchanga na chokaa au simenti, kushika mwiko, na kusoma pimamaji. Hufunga uzi wa timazi, akauacha utulie, na hapo hapo uzi humwambia kama ukuta umesimama au umeinama. Fundi wa mitambo hubana chuma katika jiliwa, akakisugua kwa tupa polepole mpaka kikae mahali pake.

Katika kazi hizo hakuna mahali pa kujificha. Mwanafunzi aweza kumdanganya mwalimu wa historia kwa maneno mengi. Lakini timazi haidanganyiki, na mlango usiofunga haufungi hata kama aliyeutengeneza anazungumza Kiingereza kizuri namna gani.

MISIONI ZILITANGULIA

Yafaa tuseme hapa kwamba serikali haikuwa ya kwanza kufundisha ufundi katika Uganda. Mapadri Weupe walifika huko mwaka 1879, na mwaka 1911 walianzisha shule ya ufundi pale Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, ambayo ina jina la Mtakatifu Yosefu. Palikuwa pia na shule za kalamu: Wamisionari wa Mill Hill walifungua shule ya Namilyango mwaka 1902, na Waanglikana wakafungua shule ya Budo mwaka 1906. Shule hizo za kalamu zilipendwa sana na machifu wa Buganda, kwa kuwa watoto wao walitoka huko wakiwa tayari kuandika barua, kuhesabu kodi na kushika utawala.

Katika nchi yetu ya Kongo mambo yalifanana kwa upande mmoja. Tarehe 26 Mei 1906 Kiti Kitakatifu na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold walifanya mapatano. Kila misioni ilipaswa kupewa hekta 100 mpaka 200 za ardhi, na misioni nayo, kadiri iwezekanavyo, ilipaswa kuwa na shule. Katika masomo ya shule hizo mapatano yalitaja wazi kilimo na kazi za mikono. Ndiyo maana katika misioni nyingi za zamani za Kongo utakuta, karibu na kanisa, nyumba ndefu ya mabruda yenye meza za useremala, na mara nyingine tanuru la matofali. Makanisa mengi ya matofali tunayosalia hata leo yalitoka mikononi mwa vijana wa nyumba hizo.

JINA JIPYA, MASOMO MAPYA

Turudi kilimani. Shule ile ya ufundi haikukaa na jina lake siku nyingi. Mwaka ule ule wa 1922 ikaitwa Chuo cha Makerere, na baada ya muda masomo mengine yakaongezwa: uganga, kilimo, utabibu wa mifugo, na ualimu. Ukitazama masomo hayo utaona kwamba yote yalikuwa bado na kazi ya mikono ndani yake. Mganga hufunga jeraha, mtaalamu wa mifugo huzalisha ng'ombe, bwana shamba hushika udongo. Lakini kila somo jipya lilihitaji vitabu vingi zaidi na Kiingereza kingi zaidi, na kwa kila hatua karakana ikawa ndogo machoni pa watu.

Mwaka 1924 ilipita Afrika ya Mashariki tume ya wataalamu wa elimu iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na pamoja naye alikuwepo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume hiyo ilisifu sana elimu ya mikono na ya kilimo, kwa mfano wa shule za Waamerika weusi za Hampton na Tuskegee. Ilisema elimu yapaswa kulingana na maisha ya watu vijijini.

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo Waafrika wengi walikuwa na mashaka, na haki tuwape. Waliwaona Wazungu wenyewe wakiwapeleka watoto wao kusoma sheria na Kilatini. Waliona kwamba aliyeketi ofisini hupewa mshahara mkubwa, nyumba na heshima, na kwamba fundi, hata akiwa hodari, huitwa kwa mluzi. Mtu akikuambia kazi ya mikono ni njema, na wakati huo huo anamlipa mwenye kalamu mara nyingi kuliko mwenye nyundo, utasadiki maneno yake au malipo yake? Watu wa Uganda walisadiki malipo. Nasi tungefanya vivyo hivyo.

Basi mwaka 1928 ufundi ukatengwa na chuo. Ikaundwa shule ndogo ya ufundi ya peke yake, na Chuo cha Makerere kikaendelea bila useremala, bila uashi na bila mitambo. Miaka sita tu baada ya vijana 14 kupanda kilima, kazi waliyoijia ikawa mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

NENO LA WAJENZI LINABAKI

Tangu hapo Makerere ilipanda ngazi upesi. Mwaka 1937 ilianza kuwa chuo cha elimu ya juu kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishirika cha London, na wanafunzi wakaanza kusomea digrii za huko. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Uganda chenye kujitegemea.

Matunda yake ni makubwa, na hatutaki kuyadharau. Wakatoliki tunawakumbuka Julius Nyerere, aliyesoma ualimu pale kuanzia mwaka 1943 hata 1945 na akawa Rais wa kwanza wa Tanzania. Mwai Kibaki, aliyekuwa Rais wa tatu wa Kenya. Na Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa tatu wa Tanzania. Pale ndipo walipofundishwa waganga waliotibu mamilioni ya watu.

Lakini angalieni jambo moja dogo. Zamani mwito wa chuo ulikuwa wa kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume, kwa kuwa wote walikuwa wanaume. Mwaka 1945 wasichana wa kwanza walipoingia, mwito huo haukufaa tena. Ukachaguliwa mwingine, ambao maana yake ni kwamba twajenga kwa ajili ya wakati ujao. Kumbe! Neno walilolichagua ni neno la waashi. Waashi wenyewe walikuwa wamekwisha ondolewa miaka 17 iliyopita, lakini neno lao limebaki katika nembo ya chuo hata leo.

Kuna ajabu nyingine kubwa zaidi. Vyuo vitatu vya Afrika ya Mashariki vilipoungana mwaka 1963, kazi ziligawanywa. Dar es Salaam ilikuwa na sheria. Makerere ilikuwa na uganga. Je, uinjinia, yaani elimu ya juu ya madaraja, mitambo na majumba, uliwekwa wapi? Uliwekwa Nairobi. Chuo cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 kama Chuo cha Ufundi cha Kifalme, nacho kilikuwa na karakana zake. Kijana wa Uganda aliyetaka kuwa injinia ilimpasa kusafiri mpaka Kenya, akakiacha nyuma yake kilima kilichoanza na nyundo. Mpaka mwaka 1970 ndipo Makerere ilipoanzisha kitivo chake cha teknolojia. Tangu 1928 hata 1970 ni miaka 42. Muda huo mtoto huzaliwa, hukua, huoa, naye akawaona watoto wake wakisoma.

ILIMEZWA MARA YA PILI

Na ile shule ndogo ya ufundi iliyotengwa, ilikwenda wapi? Haikufa. Katika miaka ya 1950 ilihamia kilima kingine cha Kampala kiitwacho Kyambogo, upande wa mashariki, kwenye njia iendayo Jinja. Huko ikaitwa Taasisi ya Ufundi ya Kampala. Baadaye ikaitwa Chuo cha Ufundi cha Uganda, kisha Politekniki ya Uganda. Ilifundisha mafundi wengi wa umeme, wa maji, wa barabara na wa mitambo. Ndiyo iliyokuwa mtoto wa kweli wa vijana 14.

Lakini mwaka 2003 Politekniki hiyo iliunganishwa na chuo cha walimu na chuo cha elimu ya watu wenye ulemavu, vilivyokuwa pale pale Kyambogo, vyote vitatu vikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mambo yakajirudia. Karakana ilizaa chuo kikuu, ikaondolewa. Ikaenda ng'ambo ya mji, ikastawi, na huko nako ikapandishwa ikawa chuo kikuu.

Tusidhani ni Uganda peke yake. Kenya nayo, mwaka 2013, Politekniki yake ya Nairobi na ile ya Mombasa zilipewa hati za kuwa vyuo vikuu vya ufundi. Kila shule ya mafundi ikisitawi, watu husema: sasa imefaulu, tuifanye chuo kikuu. Wanaisifu, ndiyo. Lakini sifa hiyo ina neno lililofichwa ndani yake: kwamba shule ya mafundi ikibaki shule ya mafundi, haijafaulu. Karakana ya Makerere iliondolewa kwa mawazo hayo hayo, wala hakukuwa na adui aliyeivunja.

SISI WA KONGO TULIPOTEZA MKONO MWINGINE

Huenda msomaji mmoja atasema: Basi Wabelgiji walikuwa na akili kuliko Waingereza, maana wao walishikilia ufundi. Ngoja kwanza, ndugu.

Ni kweli kwamba katika Kongo shule za ufundi zilikuwa nyingi. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na maseremala, mafundi wa meli, wa reli na wa migodi waliosifika. Lakini mlango wa juu ulifungwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa na Wakatoliki wa Louvain karibu na Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha serikali cha Élisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye digrii katika nchi yote hawakufika 30. Nchi kubwa kama hii ilikabidhiwa kwa watu ambao hawakuwa wamepewa nafasi ya kujifunza kuiongoza, na machozi yaliyofuata tunayajua.

Kwa hiyo Uganda ilifungua mlango wa kalamu ikaisahau randa. Kongo ilipewa randa ikanyimwa kalamu. Kila nchi ilifanya kazi kwa mkono mmoja. Mtu wa mkono mmoja aweza kula, lakini kufunga mzigo wake humwia vigumu.

Mmoja wa wanafunzi wa Makerere aliliona jambo hili. Mwaka 1967 Rais Nyerere alitoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule ya Tanzania iwe na shamba au karakana yake, na mwanafunzi asione kwamba kusoma ni kukimbia kazi ya baba yake. Shule nyingi zilijaribu. Nyingine zilifanya vizuri. Katika nyingine kazi ya mikono iligeuka kuwa adhabu ya kulima shamba la mwalimu, na vijana wakaichukia zaidi. Hapo tunajifunza kwamba kuwapa watoto jembe na nyundo hakutoshi. Kazi ya mikono sharti ifundishwe kama elimu, na mwalimu anayeijua na kuipenda.

Na Makerere yenyewe? Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wake wa uinjinia walitengeneza motokaa ndogo ya umeme ya watu wawili, wakaiita Kiira EV. Watu walishangaa kuiona ikitembea. Kumbuka lile somo la tatu la mwaka 1922: ufundi wa mitambo. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita tangu vijana 14 washike tupa ya kwanza. Karakana ilikuwa imerudi kilimani kwa mlango mwingine.

MZAZI NA NG'OMBE WAKE

Sasa turudi Muheto. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Dominika, mzazi mmoja wa shirika letu alitujia, uso umemkunjamana. Mtoto wake alikuwa amemwambia kwamba anataka kwenda shule ya ufundi kujifunza ujenzi.

“Mwalimu,” alisema, “sikuuza ng'ombe wangu wawili ili mtoto akashike udongo. Udongo hata mimi ninao.”

Tulimjibu, “Baba, ile nyumba ya sala umetoka sasa hivi, nani aliijenga?”

Akasema, “Mafundi.”

“Na ile benchi ulikokaa?”

Akacheka kidogo, lakini hakushawishika. Aliondoka akisema, “Mwalimu, wewe mwenyewe walikupeleka seminari, hawakukupeleka kwa seremala.” Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa ni la kweli. Sisi tunaosifu kazi ya mikono mara nyingi tumeshika chaki. Ndiyo sababu hatumlaumu mzazi yule. Alifikiri kama walivyofikiri wazazi wa Uganda mwaka 1928, na alikuwa na sababu zile zile: aliona nani analipwa na nani anaitwa kwa mluzi.

Kisha vita ikaja, kama mnavyojua, na ikaja tena. Watu wa Masisi na wa Walikale wamekimbia mara nyingi hata wengine hawahesabu. Katika mojawapo ya siku hizo tulitembea pamoja na umati wa watu njiani. Wengine walibeba magodoro, wengine sufuria, wengine watoto wawili wawili. Mtu mmoja alibeba gunia, na ndani yake mlikuwa na randa, msumeno, nyundo na patasi mbili. Alikuwa ameacha nyumba na mihogo shambani. Vyeti vyake vya shule viliungua. Tulipofika mahali pa kukimbilia, siku ya tatu tu tulimsikia akigonga misumari: alikuwa anamtengenezea mjane mmoja mlango. Malipo yalikuwa unga kidogo. Lakini watoto wake walikula siku ile, na mjane akalala nyuma ya mlango uliofungwa.

Hatusemi kwamba vyeti ni bure. Kijana aliyesoma sheria atatufaa siku ya kudai mashamba yetu, na mganga atatufaa sasa hivi. Twasema tu kwamba mwenye randa naye amesoma.

Kanisa limelijua jambo hili tangu awali. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Bwana wetu mwenyewe alijulikana kijijini kwake kama seremala, na Mtume Paulo alishona mahema. 

CHUMBA KIMOJA

Ndugu wasomaji, katika milima yetu kuna shule nyingi zisizo na paa. Madawati mengine yamekuwa kuni. Mungu akitujalia amani, tutajenga tena, na siku hiyo kamati za wazazi zitakaa kuchora ramani: madarasa sita, ofisi ya mkuu wa shule, vyoo. Tunawaomba mkumbuke historia ya kilima cha Makerere. Ongezeni chumba kimoja, hata kiwe kidogo, chenye meza ngumu ya seremala, jiliwa, na ukuta wa kutundikia misumeno. Mtafuteni fundi mzuri wa kijijini, mwiteni mwalimu, na mumlipe kama mwalimu. Hilo la mwisho ndilo gumu, lakini bila hilo chumba hicho kitakuwa stoo ya mahindi baada ya miaka miwili.

Wala msikiweke chumba hicho kwa ajili ya watoto walioshindwa hesabu peke yao. Kila mtoto apite humo, mvulana na msichana, na yule wa kwanza darasani pia. Atakayekuwa hakimu na ajue uzito wa nyundo. Atakayekuwa fundi na ajue kusoma mkataba kabla hajatia sahihi.

Moto wa mwaka 2020 ulipoteketeza jengo kuu la Makerere, kazi ya kulisimamisha tena ilifanywa na waashi, maseremala na mafundi wa mitambo. Kazi zile tatu za mwaka 1922 ziliitwa tena kupanda kilima, zikaokoa nyumba ya vitabu. Kisha zikashuka.

Nasi tusizingoje mpaka paa liungue.